Saa ya Maskati

Mashine ya Haroub imekuwa nzito,
ikifunguka, chai imeshapoa.
Leo umeme umetulia Wete, nimekaa nayo,
nang'oa:
michezo ya mtoto wa jirani,
kisafishaji chenye uchafu wake,
vidirisha vya bahati nasibu.
"Una uhakika?"
Ninao.
Mgeni siku mbili; hawa mwaka wa nne,
na jembe hawajalishika.

Kimebaki kimoja, cha adhana.
Haroub alikitegea Maskati, akarudi kazini
bila kukibadilisha.
Huadhini saa nzima na ushei kabla ya msikiti wetu.
Mama, chumba cha pili, akikisikia
huacha kuchambua mchele:
"Haroub kashatia udhu."

"Una uhakika?"

Nabonyeza Hapana.