Makufuli Mawili

Mwaka ule mlango wa darasa letu
ulikuwa na makufuli mawili:
la shaba, la Kanisa, lililokuja na mabati
kwa treni ya mizigo hadi stesheni ya Bahi;
na la chuma, jipya, la Serikali,
Afisa Elimu alilishusha kwenye Landrova
pamoja na muhuri.

Mchungaji Chedego alisema: matofali haya
tulifyatua kwa maji ya kubeba kichwani.
"Tulifyatua," alisema. Kichwa kilikuwa cha mama yangu.
Afisa alisema: shule ni ya umma,
na msichana ni wa taifa.
Mchungaji akajibu: ni wa Mungu.
Sisi, thelathini na mmoja,
tulikalia madaftari tusichafue sare,
tukijisikia tunagawanywa kama ng'ombe wa mahari.

Mwalimu Perusi Mloha hakungoja barua.
Alipitisha ubao dirishani,
akauegemeza kwenye tangi la maji
(tangi halikutajwa katika hati yoyote).
Asubuhi kivuli kilikuwa magharibi: hesabu za sehemu.
Adhuhuri kikawa chembamba kama ufito;
tulisimama bega kwa bega
tukitaja mito isiyokauka,
sisi wa mchanga wa Bubu.
Alasiri tukahamia mashariki,
na vumbi la Ugogo likaandika juu ya maandishi yetu.

Miezi minne. Barua zilikwenda Dodoma, zikarudi.
Nimezisoma baadaye, nikiwa karani wa masjala:
ardhi, ada, vipindi vya dini, mishahara.
Nikatafuta neno "wasichana".
Mara mbili. Moja limekosewa herufi.

Ndipo tumbo la Nyemo likaonekana.

Siku hiyo Landrova ilifika kabla ya saa mbili,
na Mchungaji alikuwa keshavaa kola.
Makufuli yalifunguliwa, la shaba, la chuma.
Waliketi kwenye madawati yetu madogo,
magoti juu,
wakatia saini karatasi moja.
Hata robo saa haikupita.
Walipotoka wakafunga tena, kila mmoja lake.

Nyemo alikuwa akila chaki kwa siri.
Mwalimu Perusi alijua. Kila asubuhi
aliacha kipande kwenye ukingo wa tangi,
akageuka kuandika tarehe, taratibu,
taratibu kuliko inavyohitajika.

Aliendelea kukiacha.
Hakuna aliyekigusa kati yetu,
hadi mvua ya Desemba.