Taa Zisizokonyeza

Anaeli hakugusa spika. Alifungua boneti kwanza,
akasikiliza injini kama anayehesabu madeni ya mwenzake.
"Ukipiga besi, taa zinakonyeza?"
Zinakonyeza, nikasema. Hata dashibodi inasinzia.
"Basi gari lina njaa. Unalichezesha ngoma hujalilisha."

Siku mbili Unga Limited, nyuma ya mashine ya kusaga,
vumbi la sembe likitua juu ya alternata mpya
(mpya kwangu; Japani ilishazeeka),
betri ya pili buti, waya mwekundu mnene kama kidole gumba,
fyuzi shibiri moja tu toka kwenye betri:
"Ikipiga shoti, iungue yenyewe, usiungue wewe."

Kisha akashika msasa, akakwangua rangi ya bodi,
rangi niliyoipiga kwa pesa ya vitunguu vya Mang'ola.
Nikapiga kelele.
"Rangi haishiki ethi," akasema bila kuinua kichwa,
mpaka bati likang'aa kama jino la mtoto.

Jioni nikapitia Sakina kumchukua Ndeshi,
dada yangu, asiyesikia tangu ile homa ya uti wa mgongo.
Nikawasha. Taa zikatulia tuli ukutani.
Akaweka kiganja mlangoni,
kisha mgongo wote kitini,
akafumba macho.

Meru ulikuwa umejifunika. Jirani alitoka na kanga begani,
mdomo wazi, anatukana nadhani.
Ndeshi hakumwona. Aliinua kidole kimoja,
akakizungusha taratibu hewani:
ongeza.