Sentimita Nne na Kitu

Atlasi ya shule ya Ndekirwa bado iko chini ya meza ya cherehani,
jalada limetoka, ukurasa wa Ulaya una doa la chai.
Leo mvua imewafungia wateja huko Majengo na Pasua,
nikavua futi shingoni
nikapima: Kopenhageni hadi Viena,
sentimita nne na kitu.
Mfuko wa shati la mtoto wa darasa la pili
ni mpana kuliko hapo.

Elineema, mtoto wa kaka yangu, akatafuta kwenye simu.
"Kilomita mia nane na sabini, Shangazi, njia ya ndege.
Angani ni saa moja na dakika arobaini."
Nikamwambia arudie.
Akarudia polepole, kama anayemsomea kiziwi.

Saa moja na dakika arobaini!
Maharage ya kwetu Kidia hayaivi kwa muda huo.
Basi la Dar likitoka stendi ya Moshi alfajiri
kwa muda huo halijafika hata Same.
Suruali moja ya bwana harusi, na bitana yake,
inanila siku mbili.

Nami nilidhani ni mbali.
Miaka sita nimewatetea kwa umbali.
Majirani wakiuliza, "Wanao huonana huko?"
nasema, "Ulaya ni kubwa, mama,
kuna baridi, kuna zamu za usiku,"
na wao hutikisa kichwa, wakanionea huruma ya bure.

Ugomvi wao ulianza na marumaru.
Ndekirwa alitaka kaburi la baba yao liwe jeupe,
Aikande alikwisha kutuma hela ya nyeusi.
Fundi akaweka nyeusi, maana hela yake ndiyo iliyotangulia.
Basi. Ndilo neno lote.
Ukilisimulia kwa sauti linachekesha.
Sijawahi kulisimulia kwa sauti.

Desemba, barabara ya kupanda mlimani ikifurika magari
na kila boma lina mbuzi anayelia asubuhi,
mimi hupata mtoto mmoja.
Mwaka wa shufwa huja huyu,
mwaka wa witiri huja yule.
Hawajapanga. Wanajua tu,
kama watu wawili kwenye kijia cha migombani,
kila mmoja amesimama pembeni
akimngoja mwenzake apite.
Natandika kitanda kilekile. Nyama hubaki.

Fundi yeyote anajua:
ukipitisha uzi mrefu ukingoni mwa kitambaa
kisha ukauvuta taratibu,
nguo hujikunja marinda
na ncha zilizokuwa mbali hukaribiana zenyewe.
Nimechomeka pini Viena. Nimechomeka pini Kopenhageni.
Nimepitisha uzi mwekundu kati yake
na ncha nimeishika.
Lakini ramani ni karatasi, tena kuukuu,
na karatasi haijui marinda.

"Shangazi, nimpigie nani kwanza?"
Nje mvua inapungua.
Mwenye suruali anavuka barabara
amejifunika mfuko wa saruji kichwani,
harusi yake ni Jumamosi.
Nina pini tatu mdomoni,
kwa hiyo simjibu.