Wa Tisa

Mwaka jana nafasi zilikuwa nane.
Sisi tulikuwa wa tisa, kwa kikapu kimoja;
tukashuka stesheni ya Tabora alfajiri,
Kalunde kaupakata mpira
kama mtoto mwenye homa.

Leo barua imebandikwa mlangoni pa bwalo:
vyuo kumi na viwili.
Vigelegele. Maharage yanaungua jikoni.
Mhasibu ananuna: mashindano yamekuwa gulio,
kila mwenye raba ataingia.

Mimi kocha nahesabu jezi.
Namba saba haina mwenyewe.
Kalunde yuko Sikonge, darasa la pili,
watoto tisini, madawati ishirini.
Nasikia kila asubuhi huwaambia:
sogeeni,
sogeeni tena kidogo,
na huyu wa mlangoni apate pa kukaa.