Kisukusuku

Bahasha ya eksirei ameibeba kwa mkono wa kushoto.
Hapo tayari nimeanza kumpima.
Nyaguthii wa Kaptembwo, miaka arobaini na sita,
amepanda ngazi za kliniki yetu, juu ya duka la mbegu,
na unga kidogo kwenye nyusi.

Picha naiegemeza dirishani, Nakuru inaiangaza kwa nyuma:
mfupa mzima, mweupe, hauna habari.
"Walisema sina kitu," anasema.
"Kitu nisichokuwa nacho kinaninyima usingizi."

Nyoosha mkono. Kunja ngumi.
Inua ngumi juu, nami nitaishusha, usikubali.
Anauma mdomo.
Natembeza kidole gumba kutoka kwenye nundu ya mfupa,
polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani,
na hapo,
uwii!
hapo ndipo kano inaposhika mfupa,
hapo ndipo ilipochakaa, nyuzi nyuzi,
kama kamba ya mbuzi mkaidi.

Chapati ngapi kwa siku?
Mia mbili na ishirini. Kukiwa na harambee, mia nne.
Tangu lini?
Tangu kifungua mimba aingie sekondari. Sasa yuko wa tatu.
Sindano?
Ya kwanza ilikuwa muujiza. Ya pili, rafiki.
Ya tatu ilikuwa maji.

Kwenye faili naandika jina nililofundishwa chuoni:
kiwiko cha tenisi.
Analisoma kichwa chini, anacheka mpaka benchi linalia.
"Tenisi! Uwanja wake niliuona mara moja,
kupitia ua wa michongoma,
nikidai pesa za chapati kwa mkata nyasi."

Pumzika, nasema, na neno lenyewe linaona haya.
"Mkono mtupu haulambwi, daktari."

Basi tunapatana bei.
Kifimbo akivishe tyubu ya baiskeli, kinenepe, ngumi isikabe.
Donge lilale saa nzima, lilainike kwa hiari yake.
Mia ya kwanza asukume yeye, zilizobaki mpwa wake Gathoni.
Na chupa ya maji, nusu lita:
ipande kwa msaada wa mkono mzima,
ishuke kwa mkono mgonjwa peke yake
ukihesabu hadi tano.
Kushuka ndiko kunakoponya, namwambia,
na sijui kwa nini hilo hunifurahisha kila ninapolisema.

Mlangoni anageuka.
"Na lako?"
Langu lipi?
"Bega. Faili umeitoa rafu ya juu kwa mkono usioandikia.
Koti umelivaa kama anayemvisha maiti."
Miezi saba limeganda. Sijamwambia mtu.
Kinyozi hajinyoi, najitetea.
"Lakini hunyolewa," anasema, na ngazi zinammeza.

Wiki ya tisa.
Maumivu yamebaki punje, anasema, mchanga kwenye mchele.
Ananyanyua kiti kwa mkono mmoja, kiganja chini,
anakisogeza kando, hata hajui amenijibu mtihani.
Nachukua kalamu, nafuta tenisi.
Bibi yangu alikiita kiungo hiki kisukusuku;
miaka yote hiyo sikuwahi kusikia
kusukuma kukigugumia ndani yake.
Ndilo naandika.

Kisha anasimama nyuma yangu.
Vidole vyangu vinapanda ukuta kama buibui mzee,
moja, anahesabu, mbili, usiinue kisigino,
na nikifika kwenye msumari wa kalenda,
jasho shingoni, nikitaka kuishia hapo,
anasema: bado.