Dakika Kumi za Zohali

Saa tano usiku, paa la saruji hapa Ibra
bado linalitema jua la mchana.
Kamera nimeifunga kwenye kitako cha darubini,
kwenye kioo cha nyuma nimekuza mara kumi,
na Zohali inachezacheza
kama sarafu chini ya maji ya birika.

Si lenzi. Ni kiyoyozi cha Bi Ghaniya,
kinahema ng'ambo ya ukuta kama ng'ombe mgonjwa.
Nikaita ukingoni: "Shangazi, dakika kumi tu!"
Kikanyamaza.

Sikupiga picha, nilirekodi video:
fremu elfu tatu, kompyuta ichague
mia chache zilizotulia, izilaze moja juu ya moja
mpaka pete ijitenge na mwili.

Akapanda ngazi, kanga imemganda mgongoni,
kuja kukiona kilichomtoa jasho.
"Hiki? Punje ya ufuta?"
Akainama zaidi. Akashusha pumzi.
"Lo! Kumbe ina masikio."

Leo vumbi limefunga mbingu, sikupanda.
Saa tano kamili
nikasikia, ng'ambo ya ukuta,
kiyoyozi kikizimwa.