Kengele Saba

Mlima wetu, kaskazini mwa Ureno,
una vigari viwili na kamba moja.
Hakuna injini. Watalii hawaamini,
wanainama kutafuta moshi.
Kigari cha juu hunyweshwa maji, tangi likajaa chini ya viti,
kikawa kizito, kikashuka,
na kwa kushuka kwake kikampandisha pacha wake.
Basi.

Mimi hukaa chini, kibandani, nikiuza tiketi.
Kazi yangu ya pili ni kengele:
vichwa vinane, kengele nane,
na aliye juu hufungua bomba kwa kadiri hiyo.
Hazidishi. Maji yakizidi,
breki ndiyo italipa.

Shuleni, Dona Ermelinda aliweka tofali juu ya kabati
akasema: limetulia, lakini halijalala.
Lina akiba, akiba ya kimo.
Kisha akalisukuma kwa kidole.
Kigae kilichopasuka siku ile bado kipo,
watoto hukiruka.
Nishati haiumbwi, haipotei, alisema, huku akifagia;
hubadili nguo tu.

Juu ami Olegário, chini baba.
Au juu baba, chini ami: hupokezana kila robo saa.
Miaka kumi na mmoja hawajasemezana
kwa ajili ya mistari minne ya mizabibu
ambayo bibi aliiacha bila kuandika jina la mtu.
Mara ishirini kwa siku hupishana katikati,
kila mmoja macho msituni,
kila mmoja akipandishwa na uzito wa mwenziwe.
Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika juu kwa nguvu zake.
Niliandika hilo nyuma ya daftari la tiketi,
halafu nikalifuta.

Jumanne ya mwisho ya Oktoba
walikuja mahujaji kumi, wanawake wa Chaves,
makoti yamelowa, vikapu vya chestinati mapajani.
Nikagonga kengele saba.

Sikukosea kuhesabu.

Huko juu mwinamo ni mkali: kigari cha ami kilianza vizuri,
kimo kikageuka mbio.
Lakini kuanzia nusu mlima hulegea,
na wale watatu nisiowatangaza
walikuwa na uzito wao wote.
Msuguano ukaanza kuzila mbio,
polepole, kama mtoto alavyo asichokipenda,
hadi sahani ikawa tupu
pale pale katikati,
dirisha kwa dirisha.

Nilisimama relini nikasikiliza.
Pasipo na injini sauti husafiri.
Kwanza mvua. Kisha mwanamke mmoja akiomba rozari.
Kisha mvua tena, muda mrefu.

"Teremsha watu."
Ilikuwa sauti ya ami.
"Wangapi?"
"Watatu."

Wakateremka watatu, wakashika matusi ya ngazi, wakalalamika.
Kigari hakikwenda.
Kitu kilichokwisha kusimama ni kizito kukianzisha
kuliko kukiendeleza; hilo nalo Dona Ermelinda alilisema,
nami nilidhani anasema juu ya vigari.
"Mmoja tena, Firmino."
Akateremka wa nne. Kamba ikalia, ikakaza.

Hayo ndiyo maneno yote. Nimeyahesabu: hayafiki kumi.
Mizabibu bado haina mwenyewe.

Ami alipofika chini nilikigusa kiatu cha breki,
kikanichoma kidogo vidoleni.
Kumbe ndipo kimo chote kilipoishia,
joto la kiganja kimoja, na mvua ikilipoza.

Akaingia kibandani akichuruzika maji.
Akalivuta daftari, akapitisha kidole kwenye safu:
tiketi kumi. Daftari halifichi.
Nikangoja kofi au matusi.
Alinyoosha mkono juu ya kichwa changu,
akaigonga kengele kwa ukucha,
kidogo, isisikike mlimani:
mara moja,
mbili,
tatu.

Kisha akarudi kumwaga maji.